Tulipokwenda Likizo na Jembe

Msichana anayelala kitanda cha juu yangu hapa bwenini alirudi kutoka likizo fupi na chupa ya mafuta ya kujikinga na jua. Walikuwa wamekwenda Diani, yeye na wazazi wake, na kwa kuwa chupa haijaisha, kila asubuhi lazima ajipake. Mafuta yenyewe yananukia nazi. Lakini si nazi ninayoijua mimi, ile inayokunwa, tui likakamuliwa na kuchemshwa mpaka mafuta yaelee juu. Hii ni nazi ya uongo, tamu kama peremende. Akiifungua chupa tu, mimi hutoka nje. Juzi aliniuliza, "Kwani mimi nimekukosea nini?" Nami, kwa vile maneno hunipotea nikiwa mbele ya watu, nikamwambia ni joto. Si joto. Ni hasira, tena hasira ya zamani, niliyoanza kuibeba nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Kuisema siwezi. Nitaiandika.

Kwetu ni Kikoneni, kwenye mihogo na mikorosho, mahali ambapo bahari mtu huisikia kwa wauza samaki tu. Nyumbani tulikuwa Mama, Bibi aliyemzaa Mama, mimi, na ndugu yangu mdogo Hamadi. Baba alikuwa kwenye mashamba ya miwa, akija mara mojamoja. Hamadi alikuwa mtoto mwenye maneno. Alijua kuita kila kuku wa pale uani kwa jina alilompa mwenyewe, alijua kuiga kikohozi cha jirani mpaka jirani akacheka, lakini alikuwa hajasimama. Wa rika lake walikwisha kuanza kukimbizana, yeye yuko palepale alipowekwa, miguu yake myembamba imejikunja mbele yake kama si yake. Wanawake waliokuja kuomba moto walimtazama, kisha wakamtazama Mama, kisha wakasema habari za mvua. Wakishatoka ndipo walipoanza kusema habari zetu. Mama yangu ni mtu mpole, na aibu yangu nimeirithi kwake. Alianza kumfunika Hamadi miguu kwa leso kila mtu alipobisha hodi.

Bibi hakuwa mpole. "Mtoto huyu hajalogwa wala hajalaaniwa," alisema siku moja akichambua mchicha. "Mtoto huyu anataka mchanga."

Wenzangu mliozaliwa pwani mnajua maana yake, lakini nimekaa na watu wa bara vya kutosha nikajua kwamba si wote wanaojua. Mtoto akichelewa kutembea hupelekwa baharini. Huchimbwa shimo kwenye mchanga mkavu, jua likiwa limepanda na mchanga umeshika joto, akatiwa ndani wima mpaka kiunoni, na mchanga ukarudishwa kumzunguka. Joto linaingia mifupani. Mchanga unamshika asianguke, naye anajifunza namna dunia inavyoonekana mtu akiwa amesimama. Siku zinavyokwenda shimo linapunguzwa: kiuno, mapaja, magoti, mpaka mwisho abaki na nyayo tu ndani, kisha atoke. Mama mwenyewe alifanyiwa hivyo, na mjomba pia. Mchanga wa mtoni kwetu Bibi aliukataa katakata. "Ule baridi," alisema, "na hauna chumvi. Utamtia kikohozi bure."

Mama hakutaka majirani wajue. Hata mimi hakutaka nijue, maana mtoto hana kifua. Basi akaniambia, "Tunakwenda likizo."

Neno lenyewe nililijua kutoka kwenye kitabu cha shule. Kulikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili wamekaa ufukweni chini ya mwavuli, na ndoo ndogo, na sepetu ndogo, na kitambaa wametandika. Kwa hiyo Mama alipoanza kukusanya vitu nilielewa kila kitu kwa kufuata picha ile. Alitoa mwavuli wetu mweusi uliovunjika ubavu mmoja. Nikasema moyoni, huu ndio mwavuli. Akaosha ndoo iliyokuwa ya rangi. Hii ndiyo ndoo. Akakunja mkeka wa uani. Akachukua jembe ambalo mpini wake ulikuwa umekatwa ukawa mfupi. Hii ndiyo sepetu yetu. Akaongeza mtungi wa maji ya kunywa, leso mbili, chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na kofia ya ukindu ya Hamadi. Sikuona tofauti yoyote kati yetu na watu wa kitabuni, ila wao hawakuwa na Bibi.

Nilikwenda kumringia rafiki yangu wa jirani, Mejumaa.

"Likizo na jembe?" akasema. "Mnakwenda kulima bahari?"

"Kila mtu huenda na vyake," nikamjibu, nikaondoka nimeinua kidevu.

Tulifikia kwa shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa amepanga chumba Ukunda, karibu na ufukwe wa Diani. Asubuhi yeye alikwenda kazini na sisi tukateremka baharini, kwa njia nyembamba inayopita kati ya kuta mbili ndefu za mahoteli. Kuta zile zilikuwa na chupa zilizovunjwa juu yake. Nilidhani ni mapambo, kwa namna zilivyometameta.

Kisha ukuta ukaisha na mbele yangu pakawa peupe. Sina maneno mengine. Nilifumba macho kwa ule weupe. Mama aliweka mzigo chini, akasimama tu. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na kazi. Alitembea huku na huko akichagua mchanga kama achaguavyo mchele dukani, anachota konzi, anaiweka shavuni, anaimwaga. "Huu umepitiwa na ngamia wa watalii, unanuka." Akasogea. "Huu uko kivulini." Mwishoni akafika mahali juu ya mstari wa mwani, mbali na mivinje, jua linapiga moja kwa moja, akachota, akaweka shavuni, akafumba macho. "Hapa," akasema.

Palikuwa mbele ya hoteli. Kulikuwa na vitanda vyeupe vimepangwa huko nyuma, chini ya vivuli vya makuti, vingi vyao havina mtu. Hapakuwa na ua wala kamba wala kibao. Tulitandika mkeka wetu, tukasimamisha mwavuli, Mama akachimba.

Siku ile ya kwanza Hamadi alilia kama mtoto yeyote anavyolia akitiwa katika jambo asilolijua. "Lia, bwana wangu, lia," Bibi alimwambia akimshindilia mchanga polepole kwa kiganja. "Ukimaliza utacheka. Hata babu yako nilipomwoa alilia."

"Mama!" Mama akasema, lakini alicheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kucheza ngoma mbele ya Hamadi ili asahau. Mimi, ambaye hata shuleni sikuwahi kusimama mbele ya darasa bila kuficha uso, nilicheza. Niliwasahau watu wote nikabaki na yeye na bahari tu, nikacheza mpaka akanyamaza, akaanza kunipigia makofi. Baadaye Mama alimchimbua kwa mikono, taratibu, kwanza mchanga wote uondolewe ndiyo mtoto atoke. Tukamwosha kwa maji ya bahari kwenye ndoo ya rangi, Bibi akamkanda kwa mafuta ya nazi, akalala chini ya mwavuli uliovunjika ubavu. Nami nikaingia majini. Mama pia akaingia, amefunga dera lake magotini, na wimbi likampiga kiunoni akapiga ukelele wa kicheko ambao sikuwahi kuusikia kabla. Tulikula mihogo ya kuchemsha yenye mchanga. Ilikuwa likizo. Hata sasa, nikijua ninayoyajua, nasema ilikuwa likizo.

Tukaenda tena kesho yake, na siku zilizofuata. Shimo likaanza kupungua. Nakumbuka siku lilipofika mapajani. Hamadi hakulia hata kidogo. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma yake, amemshika kwapani kama kawaida, na Bibi akamwambia kwa sauti ndogo, "Mwachie."

"Ataanguka."

"Mchanga haujamwangusha mtu. Mwachie."

Mama akaondoa mikono. Hamadi akabaki. Aliyumba kidogo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona kwamba hakuna mtu anayemshika, akapanua macho. Nilikuwa mbele yake na kwa mara ya kwanza nyuso zetu zilikuwa karibu sawa. Akanyoosha kidole kuelekea nyuma yangu akasema, "Kubwa!" Bahari. Alikuwa akiiona siku zote zile, lakini siku hiyo aliiona kutoka juu. Mama alichukua ndoo akasema anakwenda kuchota maji, na aliharakisha, nami najua sasa kwamba hakutaka tumwone uso.

Asubuhi hiyohiyo kulikuwa kumekuja familia na kukaa karibu nasi. Kwa maneno yao niliwajua ni watu wa Nairobi. Na wao walikuwa wamekuja na vyao. Walikuwa na kihema cha buluu, viti vya kukunja, sanduku la barafu, boya kubwa la waridi lenye shingo ndefu ya ndege, na watoto wao wawili walikuwa na ndoo ndogo na sepetu ndogo za plastiki, nyekundu na manjano, hasa kama za kitabuni. Niliwatazama kwa furaha. Niliwaza, hawa ni kama sisi. Kila mtu na vyake.

Mama alikuwa majini. Bibi amekaa upande wa pili wa mwavuli akimenya mihogo, haonekani. Mwanamke wa familia ile akanyanyuka kwenye kiti chake akaja. Alikuwa na kofia pana na miwani myeusi, na alipoinama nikasikia harufu ile, nazi tamu ya uongo. Alivua miwani. Akamtazama Hamadi, akaweka mkono mdomoni, na macho yake yakajaa machozi.

Niseme nilivyoelewa. Nilielewa kwamba amempenda. Watu wa kwetu walimtazama ndugu yangu kwa macho ya pembeni, na huyu, mgeni mzuri mwenye kofia, amemtazama mara moja tu akalia. Nikaona amekiona kile tulichokiona sisi, kwamba amesimama. Akatoa simu. Nami nikapiga magoti haraka, nikamfuta Hamadi kamasi kwa pindo la gauni langu, nikamnyoosha kofia ya ukindu, nikamwambia, "Cheka, unapigwa picha." Hamadi akacheka. Nikasogea kando nisimharibie picha.

"Mrembo," mwanamke akaniambia, sauti inatetemeka, "huyu mtoto hukaa hapo ndani mara ngapi?"

Aibu ilinishika, lakini fahari ilikuwa kubwa zaidi. "Kila siku," nikasema.

"Kila siku?"

"Ndiyo. Na kesho pia."

Akaondoka haraka kuelekea hotelini. Nikamwambia Hamadi, "Amekwenda kukuletea zawadi."

Picha hiyo ipo mahali. Labda ameifuta, labda aliwatumia marafiki zake na maneno yenye uchungu chini yake. Sisi hatukuwa na simu ya kupiga picha. Katika maisha yake yote ndugu yangu amepigwa picha moja tu akiwa amesimama, na iko kwa mtu huyo.

Alirudi na askari wa hoteli. Kijana mmoja, sare ya kahawia, kirungu kiunoni. Bibi alipomwona akaweka kisu chini, akajifunga mtandio vizuri.

"Shikamoo, Bibi," askari akasema.

Bibi alikuwa amefungua mdomo kumwitikia.

"Mnatakiwa mtoke hapa."

Akaufumba mdomo. "Tutoke twende wapi, mwanangu? Hii si bahari?"

"Bahari ni ile. Hapa juu ni pa hoteli. Kuanzia kwenye mwani kwenda chini ndiyo pa serikali."

"Mchanga wa serikali umelowa," Bibi akasema. "Iambie serikali iuanike, tutahamia."

"Shosho, mambo si ya hoteli," mwanamke akaingilia. "Mnamtesa mtoto. Mmemzika akiwa hai, aki, na mmemwachia mtoto mwingine amlinde! Na huyu msichana amesema ni kila siku."

"Kwanza hujambo?" Bibi akamwuliza. "Sisi huanza kwa kujuliana hali."

"Sikuja hapa kwa salamu."

"Naona."

Bibi akamgeukia askari. "Na wewe, kwenu ni upande wa Vanga, nausikia ulimi wako. Hukumwambia? Miguu hiyo unayotufukuzia, ilisimamishwa na nini?"

Askari alitazama viatu vyake. Alikuwa anajua. Nilikuwa mtoto lakini niliona kwamba anajua. Akasema kwa sauti ya chini, ya kwetu kabisa, "Najua, Bibi. Hata mimi nilitiwa. Lakini mimi ni mtu wa kutumwa, na mgeni amelalamika."

"Basi mweleze mgeni."

Hakueleza. Haya ndiyo yanayonichoma kuliko yote, na ndiyo maana hasira yangu haina mtu mmoja. Maneno yalikuwa mdomoni mwake. Maneno mepesi tu: madamu, ni dawa ya kwetu, mtoto anafundishwa kusimama. Aliyameza kwa sababu yule mwanamke alikuwa na utepe wa wageni wa hoteli mkononi na sisi tulikuwa na mkeka.

Wakati wanabishana, mwanamke alikwisha kupiga magoti. Alitia mikono kwenye shimo letu, akamshika Hamadi kwapani, akavuta. Nimesema mchanga huondolewa kwanza. Mchanga ulioshindiliwa haumwachii mtu kwa kuvutwa. Hamadi alipiga yowe ambalo siku zote zile hakuwa amelipiga, mwanamke akazidi kuvuta, akisema, "Pole, pole, baby, nimekuja," na ngozi ya mguu ikachubuka juu ya kifundo.

Mama alitoka majini mbio. Ndoo alikuwa ameitupa. "Mwachie mwanangu!" Sikuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. Hata yeye ilimshtua.

"Wewe ndiye mama? Na huoni aibu?" Hamadi alikuwa mikononi mwake, miguu inaning'inia, na hapo ndipo mwanamke alipoiona ilivyojikunja. Akabadilika rangi. "Ngai! Ona vile mmemharibu miguu! Sasa napigia watu wa serikali wa watoto simu. Waje wamchukue. Wewe hufai kuwa na mtoto."

Mama akamtazama askari, kama mtu anayetaka kutafsiriwa lugha ngeni. Askari akamsogelea, akamwambia pole kwa pole, na kwa nia njema, nadhani, "Dada, mchukue mtoto uende zako. Wakija hao, kweli watamchukua."

Sijui kama kuna sentensi nyingine iliyowahi kutuharibia maisha kama hiyo.

Mama alimpokonya Hamadi akamkumbatia, mchanga na damu na yote. Bibi alikusanya vitu peke yake, polepole makusudi, akakunja mkeka, akafunga mwavuli. Tulipompita askari akasema tena, macho chini, "Niwie radhi, Bibi. Shikamoo." Bibi akapita. Sikuwahi kuona mtu mzima akinyimwa marahaba. Yule kijana alibaki amesimama na salamu yake kama mtu aliyenyoosha mkono gizani.

Tulipofika kwenye njia ya ukutani nikageuka kutazama. Wale watoto wawili walikuwa wamelikimbilia shimo letu. Wanalipanua kwa zile sepetu nyekundu na manjano, na baba yao, mtu mnene mwenye kicheko, amelala ndani. Wakamfukia. Miguu, tumbo, kifua, mpaka shingoni. Kilibaki kichwa tu. Mwanamke alikuwa amesimama juu yake na simu, anacheka amejishika mbavu, anampiga picha. Na askari alikuwa kando, naye anacheka, anawaonyesha watoto mahali palipobaki wazi.

Mimi sikuona kichekesho. Niliona huruma. "Mama," nikasema, "baba yao naye hatembei."

Mama hakugeuka.

"Mama, maskini, na ni mtu mzima!" Nikadhani nimeelewa sasa kwa nini yule mwanamke alilia alipomwona Hamadi. Kumbe ana mgonjwa wake nyumbani. Nilisimama palepale nikamwombea dua, ile fupi niliyofundishwa chuo cha Kurani. Na kabla sijamaliza kusema amina, yule mtu akajitikisa, mchanga ukapasuka, akainuka mzima akakimbia kuelekea majini, watoto wanamfuata wakipiga kelele.

"Ametembea!" nikapiga ukelele. "Bibi, ametembea! Mara moja tu!" Kisha kilio kikanijia, maana niliona wazi kilichotokea. Lilikuwa shimo letu. Bibi ndiye aliyelichagua kwa shavu lake. Siku zote zile Hamadi alikuwa amelipasha moto kwa mwili wake, na nguvu ya kutembea ilikuwa imekaribia kumwingia, na huyu amekuja akaichukua yote kwa mara moja. "Amechukua ya Hamadi," nikawaambia. "Turudi, labda imebaki."

Bibi alinishika mkono. "Twende, mwanangu. Yule alikuja na miguu yake."

Nimewahi kumsimulia mwalimu mmoja ninayemwamini. Alisema nisimhukumu, mwanamke yule alikuwa na huruma. Nimeifikiria sana huruma hiyo. Huruma gani isiyouliza? Ilimliza, ikampigisha picha, ikamwitisha askari, ikamtia mikono shimoni, lakini haikumpa hata sekunde ya kumwuliza bibi kizee, "Mnafanya nini?" Wao wakimfukia mtu shingoni kwa sepetu ya plastiki ni mchezo, na askari anasaidia. Sisi tukimtia mtoto mapajani kwa jembe ni mateso. Mchanga ni uleule. Shimo, wallahi, lilikuwa lilelile.

Tulirudi Kikoneni siku hiyohiyo, na Mama akaanza kumficha Hamadi. Simaanishi kumfunika miguu tena. Alimhamishia chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Wahudumu wa afya waliopita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto waliambiwa amepelekwa kwa baba yake. Mimi nilipewa kazi: nikiona gari jeupe njiani, au mtu mwenye karatasi mkononi, niwaite kuku kwa sauti kubwa. Nilidhani ni mchezo, na Hamadi alidhani ni mchezo. Nikiita kuku anasikika mle ndani akiitika kwa sauti ya jogoo, mpaka Mama anamziba mdomo. Bibi alipinga. "Mtoto atakuozea gizani," alimwambia. Mama, aliyekuwa hajawahi kumjibu, akamjibu, "Afadhali gizani kwangu kuliko mwangani kwao." Tuliishi hivyo, mwaka juu ya mwaka.

Alitoka chumbani kwa sababu mguu ulivunjika. Hakuanguka wala hakupigwa. Alikuwa akijiteremsha kitandani tu, ukavunjika kama kijiti cha muhogo. Hapo hapakuwa na namna. Tulikwenda hospitalini, Mama na mimi tumembeba kwa zamu, na daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kuita kila mtu kwa heshima. Alizitazama picha za mifupa kwa muda mrefu, akauliza, "Mama, mtoto huyu huwa hachezi nje?"

Mama akajitanda leso yake upya mabegani.

"Mifupa yake imekosa jua. Angeletwa akiwa mdogo, dawa na chakula na jua vingetosha. Sasa imekwisha kujikunja, itabidi ikatwe inyooshwe, na hata hivyo sitakuahidi." Akashusha pumzi. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nyumbani," Mama akasema.

"Kwa nini hamkuja?"

"Niliogopa mtamchukua."

"Tumchukue? Tumpeleke wapi, mama? Nani aliyekwambia watoto wanachukuliwa?"

Mama aligeuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye ninayejua jina la mtu huyo. Nani aliyetuambia? Mwanamke wa likizo. Mwenye kofia. Aliyekaa pale siku ngapi sijui, kisha akakunja kihema chake akarudi kwake, na pengine hata hakupiga ile simu.

Hamadi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha daktari, mguu umefungwa, anasikiliza kila neno. Alikuwa na umri wa kusoma sasa, na macho yalikuwa hayajazoea ule mwanga wa dirishani, anayakunja.

"Ni mimi waliotaka kunichukua?" akauliza.

"Hakuna anayekuchukua, baba," Mama akasema haraka. "Hakuna. Umemsikia daktari."

"Kama hakuna, mbona mlinificha?"

Nilimtazama Mama. Mlango ulibishwa, muuguzi alikuwa anaingia na mtu mwingine nyuma yake. Na Mama, kwa mkono uliokwisha kuzoea, akavuta leso mabegani mwake akaitupia juu ya miguu ya Hamadi.

Hamadi akaishika leso, akaiangusha sakafuni.